Semiotiki (elimu ya ishara): matawi barabarani ni ishara ya kundi gani?

Muulizaji
Wakuu, salaam. Kazi ya darasani ni kuchambua ishara moja ya mtaani. Nimechagua matawi mabichi ambayo madereva huweka barabarani gari likiharibika. Kiashiria, kiashiriwa, ikoni, indeksi na simboli nimeshavisoma, ila sijui matawi yaingie wapi. Na nitumie nadharia ya nani?

Jibu la 1
Umechagua vizuri, hapo pana mengi. Kwanza tenganisha wanazuoni wawili. Ferdinand de Saussure wa Geneva, ambaye mihadhara yake ilichapishwa 1916 akiwa ameshafariki, aliona ishara ina pande mbili: kiashiria, yaani umbo tunaloliona au kulisikia, na kiashiriwa, yaani dhana inayotujia akilini. Wengi hupoteza maksi hapa kwa kuandika kwamba kiashiriwa ni lori lililokwama. Sivyo. Kiashiriwa ni dhana ya "mbele kuna gari limesimama". Lori likishavutwa na matawi yakabaki, anayekuja nyuma bado atapunguza mwendo.

Lori lenyewe utalipatia nafasi kwa Charles Sanders Peirce wa Marekani, kwa sababu yeye alihesabu na kitu kinachorejelewa. Ikoni, indeksi na simboli ni zake pia, usimpe Saussure.

Jibu la 2
Naongezea kwenye makundi. Usilazimishe kundi moja, uliza ishara imeungana na maana yake kwa njia gani. Kwa kufanana, ni ikoni: mchoro wa ng'ombe kwenye kibao cha barabarani. Kwa uhusiano wa sababu na tokeo, au kwa ukaribu, ni indeksi: moshi na moto. Kwa mazoea ya jamii, ni simboli.

Tawi halifanani na gari bovu, kwa hiyo ikoni iondoe. Maana ya hatari imetokana na mazoea. Mgeni asiyeyajua atadhani upepo umeangusha mti. Hiyo ni simboli. Lakini matawi yakipangwa upande mmoja tu wa barabara, mahali yalipo panaonyesha upande wenye gari, na hapo ni indeksi. Tazama na majani yenyewe: mabichi yanasema gari limekwama karibuni, yaliyonyauka na kusagwa na matairi humtia dereva mashaka. Ndiyo maana kuondoka bila kuyatoa ni hatari, maana madereva wakidanganyika mara kwa mara huzoea kuyapuuza.

Jibu la 3
Kwa vitendo, fanya jaribio la kubadilisha: geuza kitu kimoja, vingine viache. Badala ya mwembe weka mkaratusi: maana ileile, kwa hiyo aina ya mti haihusiki. Toa matawi kwenye lami uyarundike kando: yanakuwa takataka tu. Basi mahali ni sehemu ya ishara. Endelea hivyo na idadi na mpangilio.

Kanga nayo huchambuliwa hivyohivyo. Acha pindo na mji (sehemu ya katikati), badilisha jina (maandishi yake): ujumbe umegeuka. Badilisha rangi, jina libaki: mara nyingi ujumbe ni uleule. Kanga ya kisutu ni habari nyingine, kwa kuwa wekundu, weusi na weupe wake vimefungamana na arusi.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na usiku je?

Jibu la 2
Majani hayaakisi mwanga wa taa kama pembetatu ya tahadhari. Dereva huyaona akiwa ameshayakaribia mno. Mapatano ya maana yapo palepale, kiashiria ndicho kinachochelewa kumfikia msomaji. Liandikie aya yake.