Waasi kuingizwa jeshini: nishike hoja gani?

Mtoto wa Kenya (Lubumbashi)
Wakubwa, salamu. Jumamosi tuna mjadala hapa komini ya Kenya (si nchi, ni komini yetu): «Waasi wapewe nafasi jeshini ili vita viishe.» Nimepangwa upande wa kupinga, dakika saba. Kuita watu wasaliti hakutanifikisha mbali. Nianzie wapi?

Mzee wa Kamina
Mdogo wangu, pinga namna walivyoingizwa, maana FARDC yenyewe, jeshi letu la Kongo (DRC), imezaliwa hivyo tangu 2003. Brasaji, yaani kuchanganya waasi na askari wa serikali, ilikuwa na hatua: kikosi kinaingia kituoni, bunduki zinakabidhiwa, kila mtu anaandikishwa, anachagua uraia au jeshi. Wa jeshi wanapelekwa kambi kama Kamina au Kitona, wanachanganywa, wanafunzwa siku 45. Siku hizo zinatosha kujua gwaride, hazitoshi kumtii ofisa uliyekuwa unarushiana naye risasi. Ila angalau kundi la zamani lilivunjwa.

Kalamu Nyekundu
Uharibifu mkubwa ni mikisaji ya 2007, kuchanganya bila kuwahamisha. Watu wa Nkunda, jenerali mwasi, walikataa kutoka Kivu, zikaundwa brigedi tano za mchanganyiko palepale: Alfa, Bravo, Charlie, Delta na Eko. Chora ubaoni mistari miwili. Mshahara unatoka Kinshasa, amri inatoka kwa bwana wa zamani. Askari atafuata upi? Mwaka haukuisha, mpango ukavunjika.

Mama Batalioni
Jiandae kwa swali hili: «Na 2009?» Mapatano ya 23 Machi yaliingiza CNDP, kundi lilelile la Nkunda, jeshini harakaharaka, Aprili 2012 wakaasi, wakajiita M23 kwa tarehe hiyohiyo, na 20 Novemba Goma ikaanguka. Wapinzani wako watasema serikali haikutimiza ahadi. Usikatae moja kwa moja, utaonekana mtoto. Waulize: kwa nini walibaki na safu yao ya amri ndani ya jeshi miaka mitatu? 2011 nayo, vikosi viliitwa kutoka vijijini kugeuzwa rejimenti, na makundi mengine yakajaza nafasi.

Mzee wa Kamina
Na usishuke jukwaani bila mbadala. Aingie mtu mmoja mmoja, kundi zima hapana. Cheo kipimwe upya. Asipangwe kwao. Mshahara usipite mkononi mwa komanda: zamani alipewa pesa kwa hesabu ya vichwa, akaandika hata wasiokuwepo. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, uliokuja 2005, ulifanya kazi hiyo: kutenga njia ya pesa na njia ya amri, na kuhesabu askari kwa alama za vidole.

Mtoto wa Kenya
Aksanti sana. Dakika ya kwanza niitumie kwa nini?

Kalamu Nyekundu
Ntaganda, komanda wa CNDP. Hati ya ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, ya kumkamata ilikuwa hadharani tangu 2008, mwaka uliofuata yuko jeshini kama jenerali. 2019 akahukumiwa miaka 30. Sema tarehe hizo tatu polepole, halafu nyamaza kidogo.