Fundi kaniambia "tafuta hela kwanza" mbele ya mama mkwe, na pampu ya mafuta yenyewe haikuwa na tatizo!

Wakuu, naandika huku mikono inanuka petroli na moyo unachemka, mnivumilie. Yule fundi mnamjua. Yule mwenye kontena la bluu, anayeongea na wateja huku kichwa kiko ndani ya boneti, anayekwambia "nipe dakika kumi" ukaja kulichukua gari zimepita Idd mbili. Jina silitaji, kila aliyewahi kumiliki Toyota IST upande wetu huu ameshamlaani.

Leo asubuhi kaniambia "tafuta hela kwanza ndio ununue gari." Mbele ya mama mkwe. Simu iko spika.

Wiki mbili zilizopita gari lilianza kuzima lenyewe. Asubuhi linawaka vizuri, likishatembea nusu saa likapata joto linakosa nguvu, linamisi, linazima. Ukikaa robo saa linawaka tena kama halijafanya kitu. Nikampelekea. Hakupima chochote! Hakushika tesa ya kupimia umeme, hakugusa rilei, ile swichi inayopeleka umeme kwenye pampu, hakufungua hata kiboksi cha fyuzi. Kaweka sikio kwenye tanki kama mkunga, kanyanyuka kasema "pampu imekufa, kaka." 180,000, pampu na ufundi. Nikalipa taslimu. Nikaomba ile ya zamani niondoke nayo, eti ameshaitupa. Ameitupa saa ngapi wakati mkono wake bado unadondosha petroli?

Leo alfajiri nampeleka mama mkwe Morogoro kwenye kipaimara. Tangu nimuoe binti yake, mama hajawahi kupanda gari langu. Leo ndio mara ya kwanza. Kibaha tumepita vizuri, Mlandizi vizuri, Ruvu vizuri. Tumefika tu pale mizani ya Vigwaza, foleni ya malori imesimama, jua limeshaanza kuuma, gari likazima. Ugonjwa ule ule.

Wenye IST mnajua pampu inafikiwa wapi. Chini ya siti ya nyuma. Na mama mkwe amekaa wapi? Siti ya nyuma. Ikabidi niseme, "Mama, samahani, naomba ushuke kidogo." Akashuka. Siti ikang'olewa, ikawekwa chini ya mti, mama akakalia hiyo hiyo siti na mkoba wake mapajani na kitenge kipya, madereva wa malori ya Zambia, Kongo na Rwanda wanamwangalia kama yuko kwenye runinga. Kijana mmoja muuza korosho akamsogelea kumuuliza hiyo siti anauza shilingi ngapi.

Nikampigia fundi. Mikono imejaa mafuta, simu nimeiweka juu ya paa, spika. Nikasema "Fundi, gari limezima tena." Hata salamu hakuitikia. "Kaka wewe unatembea na taa ya mafuta mwaka mzima. Tafuta hela kwanza ndio ununue gari." Akakata. Nawaapia hata malori yalinyamaza. Mama akageuza uso akatazama porini.

Aliyeniokoa ni utingo wa lori, kijana mdogo tu, kandambili miguuni. Kaniambia "piga stata", akasikiliza tankini, kimya. Akagusa soketi ya waya pale juu ya pampu, akatoa mkono haraka: "Kaka, hii ya moto." Kuichomoa, pini moja nyeusi kama mkaa, plastiki imeyeyuka. Pini imelegea, umeme unapita kwa shida, pale panapata joto, joto likizidi umeme unakatika na pampu inazima. Ikipoa inashika tena. Ndio ile robo saa yangu! Akaikwangua kwa kisu, akaibana kwa koleo, gari likawaka stata ya kwanza.

SOKETI, wakuu. Kitu cha shilingi elfu chache. Na yule aliishika kwa mkono wake, maana huwezi kutoa pampu bila kuchomoa soketi! Aliiona imeungua, akairudisha vile vile, akachukua 180,000 yangu, leo ananiambia nitafute hela. Hela gani tena? Si ndio hiyo unayo wewe?

"Tafuta hela kwanza." Yaani spika. Mama amekaa juu ya siti.

Mpaka tunafika Morogoro mama hakusema kitu zaidi ya "asante, baba." Wenye wakwe mnaijua hiyo sauti.

Kipara Ngoto: Uzi mrefu lakini kuna swali umelikwepa. Unatembea na taa, hutembei na taa?

Mleta uzi: Taa inahusiana nini na soketi? Naweka mafuta kila siku. Ya elfu kumi, kila siku. Kila mtu hapa anajua hali ilivyo.

Kipara Ngoto: Basi fundi hakukosea.

Binti wa Chanika: Hahahaa siti chini ya mti! Mkuu ungemwambia mama alipe na ushuru wa kizimba kabisa.

Mama Chapati: Mimi ni mama mkwe wa watu. Mkwe wangu angenikalisha barabarani hivyo tungerudi wawili, mimi na binti yangu. Huyo mama ana moyo, kamnunulie khanga.

Dereva wa Tunduma: Acheni kucheka kidogo, mwenzenu ana hoja, ila haijakamilika. Pampu ya petroli imekaa ndani ya mafuta na inapozwa na mafuta hayo hayo yanayopita ndani yake. Ukitembea na taa kila siku inafanya kazi kwenye joto, na ile soksi ya chini, yaani chujio lake, inafyonza taka zote zilizolala kwenye sakafu ya tanki. Soksi ikiziba pampu inahangaika na kuchoka, na pampu iliyochoka inaweza kuvuta umeme mwingi kuliko kawaida. Umeme mwingi ukikutana na pini iliyolegea, soketi inaungua. Kwa hiyo pampu ya zamani inawezekana kweli ilikuwa imechoka na soketi ikaungua kwa sababu yake. Kosa la fundi ni kurudisha soketi mbovu kwenye pampu mpya. Na wewe hicho kisu cha utingo ni dawa ya kukufikisha Morogoro tu. Kata hiyo soketi, weka nyingine pamoja na kipande cha waya, kabla haijakulaza tena njiani.

Mleta uzi: Mkuu nakuheshimu, lakini "inawezekana" ndio neno gani? Angepima tungejua! Pampu ya zamani kaondoka nayo, ushahidi kaondoka nao. Halafu ananitukana mbele ya mama mkwe.

Dereva wa Tunduma: Hapo kwenye kupima niko na wewe. Gari likipiga stata bila kuwaka, anza na fyuzi. Kisha rilei, hamisha ile ya jirani inayofanana nayo uone. Kisha weka tesa kwenye soketi ya pampu mwenzako akiwa anapiga stata. Umeme umefika karibu na wa betri na pampu iko kimya, hapo ndio useme pampu imekufa, ukishahakikisha na waya wa hasi umeshika. Umeme haufiki, pampu haina kosa, rudi nyuma ufuate waya. Na ikivuma lakini gari halina nguvu, weka geji ya presha ya mafuta. IST ya injini ya 1NZ inataka PSI 44 hadi 50. Fundi asiye na geji anapiga ramli.

Spana Namba Kumi: Ongezea hapo. Kuna watu wameambiwa wafungue swichi wasikilize mvumo wa sekunde mbili, wasiposikia wanakimbilia Kariakoo. Toyota nyingine hazivumi mpaka upige stata! Nimeshaona mtu kanunua pampu mbili kwa ajili ya ukimya huo.

Babu Fit: Afadhali wewe. Mimi nina Honda Fit, tanki liko chini ya siti za mbele. Hapo angeshuka dereva, mama mkwe angebaki nyuma anakula upepo kwa heshima zake.

Kipara Ngoto: Kwa hiyo kosa ni kununua IST.

Mleta uzi: Kosa ni kuambiwa TAFUTA HELA na mtu ambaye nimempa hela!

Mtoto wa Mabibo: Ukigonga tu kidogo chini ya tanki na nyundo ya mpira inawaka, sisi mtaani ndio tiba yetu.

Spana Namba Kumi: Inawaka kwa sababu kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye mota ya pampu, zimeisha na ukigonga zinagusa kwa bahati. Hiyo ndio salamu yake ya mwisho. Igonge mara moja, nenda moja kwa moja gereji, usizime.

Shangazi Kaja: Wangu mimi alifunua mfuniko wa tanki sigara ikiwa mdomoni. Nilikimbia mpaka kwa mjumbe, viatu nikaviacha. Kurudi namkuta ananiuliza "dada mbona umeondoka?"

Mzalendo Mchovu: Mnawaonea mafundi bure, wabaya ni wenye vituo vya mafuta. Kuna kile kituo mnakijua, cha kona, wenye sare za kijani. Nimeweka lita ishirini, gari limetembea hatua kumi limezima. Kuyatoa, nusu chupa ni maji. Maji yanalala chini ya tanki, na pampu inanyonya kutoka chini! Mwacheni fundi.

Kipara Ngoto: Si siku hizi mafuta yanawekwa vinasaba, ile alama ya kemikali ya kuyatambua, tangu 2010?

Mzalendo Mchovu: Vinasaba vinazuia maji? Vile ni vya kukamata waliokwepa kodi na wanaochakachua. Uchakachuaji wenyewe uliisumbua serikali mpaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Maji ni uzembe wa tanki la chini la kituo, mvua ikinyesha yanaingia.

Mleta uzi: Sasa mafuta ya taa yamekujaje hapa, mimi natumia petroli.

Mama Chapati: Hiyo kodi ndiyo iliyonihamishia kwenye mkaa mpaka leo. Jiko langu la utambi liko juu ya kabati kama pambo.

Binti wa Chanika: Mama Chapati una bahati unalo bado. Langu nilipeleka kwa fundi abadilishe tambi, fundi akahama mtaa.

Shangazi Kaja: Mafundi wote kabila moja. Wa friji alikuja kwangu friji haigandishi, alipoondoka haigandishi na taa ya ndani haiwaki. Ananidai usafiri.

Mtoto wa Mabibo: Cha mtoto hicho. Fundi cherehani. Nimempa kitambaa cha sare ya harusi ya dada yangu. Harusi imepita, mtoto wa kwanza ameanza chekechea, bado ananiambia "njoo kesho jioni."

Binti wa Chanika: Subiri. Wa Magomeni? Ana cherehani mbili na redio kubwa?

Mtoto wa Mabibo: Huyo huyo! Anaita kila mtu "mteja wangu namba moja."

Binti wa Chanika: Na mimi ni namba moja. Ana dera langu tangu Idd.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye pampu. Nimempigia tena sasa hivi, kaona namba yangu kakata. Na mama mkwe kamwambia mke wangu kesho atarudi na basi.

Babu Fit: Huyo wa Magomeni si ndiye aliyemshonea shemeji yangu suruali mguu mmoja mrefu?

Mama Chapati: Binti, hilo dera ni la rangi gani? Kuna mke wa mtu nimemwona Jumapili kavaa la zambarau lenye maua ya njano, na linambana.

Binti wa Chanika: ZAMBARAU MAUA YA NJANO??? Mama Chapati njoo inbox.