Karata za Pokémon: tunafanya mazoezi kila wiki lakini hatupandi. Tunakosea wapi?

Karata_Ntinda
Ndugu zangu, salamu. Nawauliza wanaocheza Pokémon TCG, mchezo wa karata wa Pokémon, kwa kushindana, si wakusanyaji. Tuko sita hapa Kampala. Jumamosi tunakaa mezani, siku nyingine kila mtu yuko kwenye simu na Pokémon TCG Live, programu ya mchezo huohuo. Kila mmoja hucheza michezo kama 20 kwa wiki, na miezi mitatu sasa tuko palepale. Mtu akipigwa, jioni hiyohiyo anatoa karata tatu kwenye deki na kuingiza nyingine. Wengine wameshakata shauri kwamba ni bahati tu. Mazoezi yapangwe vipi? Na mtu afanye nini akipoteza mitatu mfululizo na kichwa kimeshachemka? Karata halisi kwetu ni ghali, kwa hiyo ushauri wa kununua deki nne hautatufaa.

Benchi_Tano
Anzeni na hilo la kubadilisha deki, ndilo linalowaua. Wachezaji wawili wenye uwezo sawa kabisa wakicheza michezo 10, uwezekano wa mmoja wao, yeyote utakayemtaja mapema, kushinda saba au zaidi ni asilimia 17. Kwa hiyo 7 kwa 3 haijakuambia chochote kuhusu deki, wala 3 kwa 7. Fungeni karata zenu 60, msiziguse mpaka michezo 40 iishe, na hapo mbadilishe karata moja au mbili tu ili mjue ni ipi iliyoleta tofauti.

Cha pili ni daftari. Kwa kila mchezo andika nani alianza, zamu ipi mchezo uliamuliwa, na uamuzi mmoja ambao ulisita kuufanya. Usiandike "nilikosa nishati" (karata zinazompa Pokémon nguvu ya kushambulia), hiyo haikufundishi. Andika "zamu ya pili niliweka nishati kwa Pokémon aliye mbele, na zamu iliyofuata akaangushwa nayo". Mchezo ulioshinda nao uandikwe, maana makosa mengi hujificha humo.

Cha tatu, na hapa nitakaa kidogo: karata za zawadi. Sita kati ya 60 zimelala kifudifudi; unachukua zako kila unapomwangusha Pokémon wa mpinzani, na ukizimaliza umeshinda. Wengi hucheza kana kwamba hazipo. Karata uliyoweka moja tu kwenye deki ina asilimia 10 ya kuwa humo. Ukiweka mbili, uwezekano wa zote mbili kufungiwa hushuka chini ya asilimia 1. Ndiyo maana kipande ambacho mpango wako wote umekitegemea kisiwe kimoja. Mara ya kwanza unapoipekua deki, tuseme kwa Ultra Ball (karata ya kumtafuta Pokémon kwenye deki), usikimbilie Pokémon unayemtaka. Hesabu kwanza zile karata tano au sita zinazobeba mchezo wako: zilizo kwenye deki, mkononi, mezani na zilizotupwa. Kinachopungua kiko kwenye zawadi. Jizoezeni peke yenu: changa karata, vuta saba, tenga sita, pekua deki kwa sekunde 40, taja zilizofungiwa, kisha zifunue. Mara kumi kila siku, na hata intaneti haihitajiki.

Zamu_ya_Kwanza
Benchi_Tano amesema kweli, ila michezo 40 ni mingi kwa deki ambayo bado haijasimama. Kama kila mchezo wa pili unaanza bila kuweza kufanya kitu, tatizo liko kwenye ujenzi, rekebisheni sasa hivi.

Mimi naona kosa la wachezaji wa huku linatoka kwenye matatu, ule mchezo wetu wa karata za kawaida. Kule unayemaliza karata mkononi ndiye mshindi, kwa hiyo mkono umezoea kumwaga. Hapa karata mkononi ni akiba. Mtu anaona Boss's Orders, anaitupa mezani kwa sababu anaweza, kisha zamu mbili mbele anaihitaji kumvuta mbele Pokémon dhaifu wa mpinzani aliyejificha benchi (safu ya nyuma) na achukue zawadi ya mwisho.

Mpangilio wa zamu nao huangusha watu. Kawaida vuta kwanza, amua baadaye: usiweke nishati kabla hujaona karata mpya. Lakini Professor's Research inageuza kanuni hiyo, kwa sababu inatupa mkono wote ndipo uvute saba. Kabla ya kuicheza, tumia Ultra Ball, shusha Pokémon, weka nishati ya zamu. Karata za aina ya Supporter, kama Professor's Research na Boss's Orders, ni moja tu kwa zamu, kwa hiyo jiulize mapema: leo nahitaji kuvuta karata au kumvuta Pokémon wa benchi?

Halafu pangeni njia ya zawadi sita tangu zamu ya kwanza. Pokémon ex wa kawaida (aina yenye nguvu zaidi) akianguka mpinzani huchukua zawadi mbili, kwa hiyo ex watatu wanatosha kukumaliza. Ukimlazimisha amwangushe katikati Pokémon wa zawadi moja, atahitaji mapigo manne badala ya matatu. Zamu hiyo moja ya ziada ndiyo inayoamua michezo iliyokaribiana.

Kichapishi_Nasser
Kuhusu gharama: chapisheni karata za mazoezi. Ukubwa ni milimita 63 kwa 88, tisa zinaingia kwenye A4 moja, deki nzima ni kurasa saba. Duka lolote la Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, litawatolea. Kata, weka karatasi mbele ya karata yoyote kuukuu ya ukubwa uleule, ingiza zote kwenye kava za plastiki. Karatasi peke yake hujikunja na mtu anaitambua kwa mgongo. Hizi ni za mazoezi tu. Mashindano rasmi hayazikubali, na msimuuzie mtu. Ila sasa mnaweza kujenga deki nne zinazotamba na kubadilishana, kila mtu aijue deki ya adui kutoka ndani.

Benchi_Tano
Swali la kichwa kuchemka nilikuwa sijalijibu. Wekeni kanuni kabla ya kuanza, si katikati ya hasira: ukipoteza miwili mfululizo, simu chini dakika 15, andika daftari, ndipo urudi. Kila kipigo kiweke fungu moja: mkono mbovu, deki isiyokufaa, au kosa lako. Kisha mpe mwenzako fungu la kwanza alikague. Nusu ya "mkono mbovu" atakuonyesha zamu uliyochezea vibaya. Mtandao ukikatika au MB zikiisha, mchezo huo usiuhesabu kabisa.

Na Jumamosi chezeni mechi za michezo mitatu kwa saa ya dakika 50. Bila saa hamtajua kama mnachelewa.

Karata_Ntinda
Asanteni sana. Moja tu: deki yangu ina Pokémon wa msingi (wale wanaoshuka mezani moja kwa moja) 8. Ni wachache?

Zamu_ya_Kwanza
Ukiwa na 8, asilimia 35 ya mikono ya kwanza haina hata mmoja wa kuanzia. Utachanga upya, na mpinzani anaruhusiwa kuvuta karata moja ya ziada kila mara. Wakiwa 12 inashuka hadi 19. Ongeza wawili watatu, toa karata zile ambazo daftari linaonyesha hukuzitumia.