Kapanga fleti kama sisi, kaigeuza nyumba ya wageni, na mtaji wake ni sisi majirani

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha, leo acheni niseme.

Kuna mtu kwenye jengo letu kapanga fleti, kasaini mkataba wa makazi kama wapangaji wengine wote, na hajawahi kulala humo hata usiku mmoja. Kaingiza vitanda, kabadilisha mapazia, kapiga picha, basi. Kila baada ya siku mbili tatu zinaingia sura mpya. Funguo zinakaa kwenye kisanduku cha namba kilichofungwa kwenye nondo za ngazi, na namba hiyo wameshapewa watu wangapi hakuna anayejua. Mwenye nyumba hajui, au anajifanya hajui.

Eti hii ndiyo "biashara bila mtaji". Wako watu mitandaoni wanaifundisha kwa ada: tafuta fleti, ilipie kodi ya mwezi, ipambe, itoze kwa usiku, tofauti tia mfukoni. Nyumba huna, mkopo huna, unakusanya tu. Nikisikia hivyo damu inachemka. Mtaji upo, tena mkubwa, ila si wake. Nyumba ni ya mwenye nyumba. Mlinzi tunamlipa wakazi wote. Lifti, pampu ya maji, taa za korido na usafi wa ngazi vinatoka kwenye mchango wetu wa kila mwezi, na yeye anachangia fungu la mkazi mmoja huku fleti yake ikipokea watu wa kujaza daladala. Usingizi ni wangu. Yeye kaleta mashuka.

Na tangazo lake nimeliona. Kaandika "jengo tulivu, ulinzi saa 24, majirani wastaarabu". Majirani wastaarabu! Yaani hata ustaarabu wangu kautia kwenye bei ya usiku, na mimi sijaulizwa.

Sasa huo utulivu wenyewe. Usiku wa manane masanduku yanakokotwa ngazini, tuk tuk tuk, ghorofa hadi ghorofa. Halafu mlango wangu unagongwa na mtu asiyesoma namba vizuri, anajaribu kufungua kwa nguvu akidhani kitasa kimekwama. Ukitoka unakuta mtu kachoka, simu mkononi, anampigia "mwenyeji" ambaye hapokei. Nani anamwonyesha mlango? Mimi. Nani anaulizwa maji ya moto yanawashwaje? Mimi. Mapokezi ya bure, na shati la kazi sijapewa.

Sina ugomvi na wageni, na hili nataka lieleweke. Wengi ni watu wazuri, wamelipa pesa yao wakiamini kila kitu ni halali. Kinachoniudhi ni maelekezo wanayopewa. Mlinzi akiwauliza, waseme ni ndugu wa mpangaji. Kwa hiyo jengo letu lina ukoo wa ajabu, binamu wa kila lugha na kila rangi, na hakuna binamu anayelijua jina la binamu yake. Siku moja niliingia kwenye lifti na familia moja, baba kaanza hadithi ya undugu, mtoto wao mdogo akamkatisha, "Hapana baba, nyumba hii tuliipata kwenye simu." Yule baba aliona aibu mpaka nikamhurumia. Mtu kalipia mapumziko, anauziwa na uongo wa kujifunza kwa moyo.

Na ikigundulika ni hao hao watakaotolewa nje na mabegi yao. Mwenye nyumba hana mkataba nao. Mpangaji atazima simu.

Twende kwenye usalama, maana hapa watu huwa wanasema tunakuza mambo. Mlinzi anafanya kazi kwa kujua sura. Ukishamfundisha kwamba sura ngeni ni jambo la kawaida, umemwondolea kazi, kilichobaki ni sare tu. Moto ukitokea usiku, mkazi anajua ngazi za dharura ziko wapi na mlango gani huwa unakwama. Aliyefika jioni ile hajui. Bima nayo: fleti iliyokatiwa bima kama makazi, kisha ikatumika kama nyumba ya wageni bila kampuni ya bima kuarifiwa, inaipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Maji yakivuja kutoka kwake hadi dari la jirani wa chini, mtafute binamu.

Najua watakuja wa kusema "akishalipa kodi, fleti ni yake, afanye anavyotaka". Si yake. Amepewa haki ya kukaa, tena kwa masharti aliyoyasaini. Mikataba mingi ya pango inamkataza mpangaji kupangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, na jambo hili lina kesi. Mwaka 2016 baraza la rufaa la migogoro ya ardhi nchini Uingereza lilisikiliza shauri la fleti moja ya London, ambayo mkataba wake ulisema itumike kama makazi binafsi tu. Ilikuwa ikikodishwa kwa siku chache chache. Baraza likaona kwamba anayepita kwa siku chache haishi pale kiasi cha kupaita makazi yake, kwa hiyo sharti limevunjwa. Ufaransa walienda mbali zaidi. Septemba 2019 mahakama yao ya juu ilisema pesa inayopatikana kwa kupangisha bila ruhusa ni mali ya mwenye nyumba, na wapangaji wa fleti ya Paris waliokuwa wakiikodisha kupitia Airbnb, mtandao wa kukodishia wageni nyumba, wakabaki na amri ya kumlipa mwenye fleti zaidi ya yuro 27,000. Hiyo ndiyo hukumu ninayoipenda kuliko zote, nasema bila kuficha.

New York nao, tangu Septemba 2023, anayekodisha kwa chini ya siku 30 lazima ajisajili, awepo mwenyewe humo ndani na wageni wake, na wageni wanaolipa wasizidi wawili. Mwenye jengo anaweza hata kuliandikisha jengo zima kuwa marufuku. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni zake zote za fleti za watalii, 10,101, hazitaendelea baada ya Novemba 2028, kwa sababu watu wa mji hawapati pa kupanga. Wenye miji mikubwa wamechoka, mimi wa ghorofa ya nne nikichoka naitwa mwenye wivu.

Wivu wa nini? Mtu anayeishi kwake, ana chumba kimebaki, mwenye nyumba kamruhusu kwa maandishi, akapokea wageni na kuwapikia chai, huyo mwacheni apate riziki. Yupo nyumbani, kelele zikizidi zinamfikia yeye kwanza. Ninayemlalamikia ana fleti kadhaa kwenye majengo tofauti na haishi hata kwenye moja. Kila anayoichukua ni familia moja inayoambiwa na dalali "imeshakwenda".

Wenye nyumba nao wasijitoe. Kodi ikiingia tarehe ile ile kila mwezi, hata kupita kuangalia mlango hawapiti. Siku godoro likiungua ndipo wanakumbuka kusoma mkataba.

Nimeshaiandikia kamati ya jengo na mwenye fleti, na kikao kimepangwa. Nina nakala ya tangazo lenye picha ya ngazi zetu, kalenda yake inayoonyesha siku zilizojaa, na tathmini za wageni wanaosifia mandhari ya dirisha ambalo kila mkazi analijua. Ninachotaka kwenu ni hiki: aliyewahi kulifikisha jambo kama hili mbele ya kamati au baraza la nyumba, ushahidi gani ulikubaliwa na upi ulitupwa? Mlinzi alikubali kutoa maelezo kwa maandishi, au aliogopa kibarua chake? Wetu anaogopa, na simlaumu. Wale wa "hama kama huwezi kuvumilia" piteni tu, sihami.