Tupeane uzoefu: jukwaani mlinzi wa taifa, bungeni kura yasema mengine

Wakuu, salaam. Uchaguzi ukikaribia kila mgombea anageuka kuwa mlinzi wa mipaka. Tusimuliane tuliyoyaona: aliahidi nini kuhusu usalama, na kura yake ikaangukia wapi. Ushabiki wa vyama tuuache mlangoni.

Naanza na Obama, na nilikuwa shabiki wake kindakindaki. Mwaka 2007, akiwa seneta wa Marekani na akiwania urais, kambi yake ilisema ataunga mkono juhudi za kuukwamisha muswada wowote wa kuzikinga na mashtaka kampuni za simu zilizoisaidia serikali ya Bush kunasa mawasiliano ya watu bila kibali cha mahakama. Julai 2008, mchujo wa chama ameshaushinda, muswada wa namna hiyo ukafika Seneti. Akayapigia ndiyo marekebisho ya kuiondoa kinga ile, yakaanguka. Halafu akakubali mjadala ufungwe, yaani akaiacha njia ya kuukwamisha, na muswada wenyewe akaupigia ndiyo vilevile. Ukapita 69 kwa 28. Hillary Clinton, ambaye Obama alimshinda kwenye mchujo, alipiga hapana.

Nilipolalamika, mashabiki wenzangu wakanirushia ile kura ya marekebisho. Ni kweli aliipiga. Lakini hakuahidi kushindwa kwa heshima, aliahidi kuuzuia.

— Mama Askari:
Mume wangu yuko jeshini, hivyo kwenye kampeni masikio yangu yako kwenye posho na makazi tu. Mbunge wetu alitoa machozi kabisa akizungumzia familia za wanajeshi. Siku ya kura ya bajeti ya ulinzi hakuonekana ukumbini. Nikamuuliza mkutanoni mbele za watu. "Mama, mimi sikuipinga." Kweli, hakuipinga.

— Mzee wa Hoja:
Mleta mada, tusimnyonge mtu kwa kura moja. Seneta John Kerry wa Marekani mwaka 2003 aliukataa muswada wa dola bilioni 87 za Iraq na Afghanistan. Alikuwa ametaka fedha hizo zitokane na kupunguza nafuu ya kodi ya matajiri, pendekezo likagonga mwamba. Mwaka 2004 akajieleza kwamba aliupigia ndiyo kabla ya kuupinga, na wapinzani wakapata tangazo la televisheni la bure. Mimi kura ile namsamehe. Ninayomdai ni ya Oktoba 2002, alipomruhusu Bush kutumia nguvu Iraq, kisha akaja kuomba urais huku akiikosoa vita ileile.

— Karani:
Nyie mna bahati, mna majina. Mimi nilifungua Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, kutafuta mbunge wangu alisimama wapi kwenye muswada wa ugaidi. Wanaoafiki waseme ndiyo, wakasema, umepita. Nani alisema ndiyo? Ukumbi. Sasa kila kampeni anatamba alipinga, mpinzani wake anaapa aliunga mkono, na hakuna wa kuwabana.

— Mama Askari:
@Karani rudi kurasa za mjadala, uone kama alisimama kuchangia. Anayepinga kwa dhati huwa anaomba kura zihesabiwe kwa majina. Kama hakuomba, na hakusema lolote, mpelekee hizo kurasa mkutanoni umwombe akuonyeshe alipopinga.

— Chobingo:
Wangu alikaa kamati ya ulinzi kipindi kizima bila kufungua mdomo. Kipeperushi chake kipya kimeandikwa "Sauti ya Usalama Wenu" 😂