Naombeni ushauri: nijiunge na chama cha madaktari cha taifa sasa hivi au nisubiri?

Zawadi_Kimya (mwanzisha uzi):
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni daktari, nina miaka michache kazini tangu nimalize mafunzo kwa vitendo. Sikuwahi kujiunga na chama cha madaktari cha taifa, niliona ni ada tu na mkutano wa mwaka wenye hotuba ndefu. Sasa naomba waliomo wanijuze: mwanachama akikwaruzana na mwajiri, chama kinamsaidia nini? Na mtu akilipa ada leo, msaada unaanza lini? Majibu ya haraka kidogo tafadhali, nipo njia panda.

Sindano_Butu:
Unaanza siku ya mkutano mkuu, kwenye foleni ya chakula. Nimekaa siti ya mbele, ngoja waje wajuzi.

Mama_Wodi_Nne:
Vijana mnakikumbuka chama mkishabanwa. Kilipoitisha zoezi la kupima watu shinikizo la damu bure ulikuwa wapi? Kilipoandaa mafunzo endelevu ulikuwa wapi? Chama ni watu, na watu ndio ninyi mliokaa pembeni.

Nahodha_wa_Zamu:
Mkuu, usichanganye vitu vitatu. Baraza la madaktari lipo kwa sheria: linasajili, linatoa leseni, linaweza kukufuta. Chama cha wafanyakazi kinapigania mshahara na saa za kazi. Chama cha kitaaluma ni cha hiari: kinasimamia maadili, kinaendesha mafunzo, kinaishauri serikali kwenye sera za afya na kuisemea taaluma. Kwingine viwili vimeungana. British Medical Association, iliyoanza 1832, ni chama cha taaluma na cha wafanyakazi pia, ila leseni ziko kwa General Medical Council. Kenya mambo yametengana: mgomo wa siku 100 wa 2016 hadi 2017 uliendeshwa na KMPDU, chama cha wafanyakazi, wala si Kenya Medical Association. Kwa hiyo ugomvi wako ni wa aina gani? Mshahara?

Zawadi_Kimya:
Asante mkuu. Si mshahara. Tumetofautiana kitaaluma na mkuu wangu wa kitengo. Kuna karatasi anataka niisaini.

Fungu_la_Kukosa:
Kaka, mimi nilinyimwa ruhusa ya masomo mara mbili. Tawi la chama likaandika barua moja tu ya kistaarabu, ikaeleza kwamba mafunzo endelevu ni sharti la kuhuisha leseni. Ruhusa ikatoka. Tangu hapo silali na deni la ada. Wanaosema chama hakina kazi hawajawahi kukiomba kazi. Lipa tu, utakuja kunishukuru.

Kipimajoto:
Karatasi gani? Ukituficha tutakushauri gizani.

Zawadi_Kimya:
Sikutaka kulisema hili humu. Polisi wameleta mahabusu. Nimempima. Fomu yao inataka daktari athibitishe kwamba anafaa kurudi rumande. Mkuu kasema ni utaratibu wa kawaida, nisilikuze jambo.

Sijasaini. Ila rasimu ninayo: "Majeraha madogo ya tishu laini, hali inaridhisha." Si uongo, majeraha ya tishu laini anayo kweli. Nikikataa ataitwa mwingine asaini bila hata kumgusa, heri mimi niliyemwangalia. Na likizo nimeshaomba. Nilichotaka kujua ni kama chama kitanikinga maswali yakija baadaye. Nina watoto, naombeni mnielewe.

Tabibu_Mstaafu:
Mwanangu, hiyo hoja ya "ataitwa mwingine" si ngeni kwangu. Septemba 1977, Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, akiwa mikononi mwa polisi Port Elizabeth na kichwa kimeumizwa vibaya, daktari wa wilaya, Ivor Lang, aliandika kwamba haoni kasoro yoyote. Mwenzake, Benjamin Tucker, naye hakusimama imara mbele ya polisi. Biko akasafirishwa uchi ndani ya gari hadi Pretoria, zaidi ya kilomita 1,000, akafa tarehe 12. Baraza la huko likasema hakuna kesi ya kujibu, na chama cha taifa cha wakati ule hakikuthubutu kupinga. Ilibidi madaktari wachache, akiwemo Frances Ames, waende mahakamani. Mwaka 1985 baraza likalazimika kusikiliza upya. Lang akakaripiwa, Tucker akafutwa.

Mwaka huohuo, mjini humohumo, daktari kijana Wendy Orr alikuwa anapima mahabusu chini ya Lang yuleyule. Akapeleka kiapo mahakamani kueleza majeraha aliyoyaona, na mahakama ikatoa zuio dhidi ya polisi. Huyo naye angeweza kusema ataitwa mwingine.

Swali lako la chama: Azimio la Tokyo la Chama cha Madaktari Duniani, la 1975, linamkataza daktari kushiriki mateso au kuyafumbia macho, na linataka vyama vya taifa vihimizwe kumsimamia daktari na familia yake wakitishiwa kwa sababu alikataa. Anayelindwa hapo ni aliyekataa. Aliyesaini kwa maneno laini hamo.

Sindano_Butu:
Wakuu, hii ni chai, na sukari imekolea. ID imefunguliwa leo. Mtu anaanza na ada, ghafla tuna polisi na mahabusu. Daktari gani mpaka leo hajui tofauti ya chama na baraza? Huyu ni mwandishi anawinda habari, au anajaribu hadithi yake kwetu.

Fungu_la_Kukosa:
Hata mimi nimeanza kuhisi hivyo. Na nilishaandika ushauri mrefu wa bure.

Kipimajoto:
Kupima ni rahisi. Mtu aliyepigwa, daktari lazima aangalie mkojo. Tuambie ulikuwaje.

Zawadi_Kimya:
Kwanza mimi ni mwanamke, si kaka. ID ni mpya kwa kuwa ile nyingine wenzangu kazini wanaijua. Na madaktari wengi tu ninaofanya nao kazi wanachanganya chama na baraza.

Mkojo ni mchache, kahawia iliyokoza. Kijiti cha kupimia mkojo kinaonyesha damu nyingi, hadubini haikuona chembe nyekundu hata moja. Mapaja yote mawili yamevimba na kukaza. Nyayo zimevimba, hawezi kukanyaga chini. Vifundo vya mikono vina michirizi ya mviringo. Nilijua mtasema nimetunga.

Kipimajoto:
Yuko wapi sasa hivi?

Zawadi_Kimya:
Chumba cha dharura, na askari wawili. Wanasubiri fomu.

Kipimajoto:
Dada, ada weka kando. Kijiti kinasema damu, hadubini inakataa: hiyo ni protini ya misuli iliyopondwa, na inaziba figo unavyosoma hapa. Potasiamu ikipanda, moyo unasimama. Dripu ya maji ya chumvi sasa, ECG ya kupima umeme wa moyo, potasiamu, kreatinini ya kuangalia figo, na mkojo upimwe kila saa. Huyu ni wa wodini. Hayo "majeraha madogo ya tishu laini" ndiyo yatakayomuua.

Zawadi_Kimya:
Nikimlaza ni sawa na kukataa waziwazi. Mkuu nimwambieje?

Nahodha_wa_Zamu:
Mwambie figo zinafeli, na mpelekee majibu ya maabara. Kumlaza mgonjwa ni uamuzi wa kitabibu wa daktari aliyempima, na aliyempima ni wewe. Kisha piga simu kwa katibu wa tawi la chama, uulize kamati ya maadili. Taja jina lako, la mgonjwa usilitaje. Wakili wa chama na bima ya kesi kwa kawaida ni vya waliolipa kabla ya tukio, sikudanganyi. Lakini kuomba ushauri wa maadili hakuhitaji kadi, na ukishapiga, kuna mtu nje ya hospitali anayejua.

Mama_Wodi_Nne:
Mwanangu, nilikusema mwanzoni, sasa nisikilize kama muuguzi. Waombe askari wasimame nje ya pazia unapompima. Chora umbo la mwili, mbele na nyuma, uweke kila jeraha mahali pake: ukubwa kwa sentimita, rangi, umbo. Maneno yake yaandike kama alivyoyasema, kwenye alama za kunukuu. Kuna Itifaki ya Istanbul ya Umoja wa Mataifa, imetoka 1999 na kuhuishwa 2022, inaeleza namna ya kuandika hayo yote. Muuguzi wa zamu ashuhudie na aandike saa.

Sindano_Butu:
Maneno ya chai nayaondoa. Kama ni kweli, mgonjwa hana muda wa mabishano yetu.

Zawadi_Kimya:
Dripu inaingia. Potasiamu 6.4, imepanda. Ile rasimu haikuwa imeingia kwenye faili na haitaingia. Fomu nimeijaza: hafai kurudi rumande, amelazwa, sababu zimeambatanishwa. Askari mmoja ametoka kupiga simu. Mkuu amesoma ujumbe wangu, hajajibu. Katibu wa tawi amepokea, kasema nisiondoke kazini peke yangu leo, anakuja na mwenzake. Likizo sijui niifute.

Tabibu_Mstaafu:
Kama ECG imebadilika anza na kalsiamu glukoneti ya kulinda moyo, halafu insulini pamoja na glukosi kushusha potasiamu, na uliza mapema ni wapi pa kusafishia damu kabla usiku haujaingia. Likizo ifute mpaka upate daktari wa kumkabidhi kwa maandishi. Ada utalipa wiki ijayo.

Na kuanzia sasa usiandike humu neno lolote kuhusu mgonjwa huyo. Tumeshajua mengi kuliko alivyoturuhusu. Wasimamizi wa jukwaa, naomba ule ujumbe wa mkojo na majeraha ufutwe, na huu wa potasiamu pia.