Tupeane uzoefu: vipimo vya kromosomu kwenye mimba changa

Mwanzisha mada
Habari zenu wapendwa. Mimba yangu ya tatu niliibeba nikiwa na miaka 38. Wiki ya 12 nikapigwa ultrasaundi ya kupima maji yanayokaa chini ya ngozi ya shingo ya mtoto, nikatolewa na damu. Baada ya siku nne simu ikaita: "Majibu yako ni chanya, njoo Jumatatu." Chanya ya nini, sikuambiwa. Siku tatu mume wangu ananiuliza, nami sina la kumjibu.

Jumatatu nikakabidhiwa karatasi: uwezekano wa mtoto kuwa na hitilafu ya kromosomu (zile nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili) ni 1 kwa 90. Mkunga mmoja mtu mzima akaniona navyotetemeka, akaigeuza ile karatasi na kuchora viduara 90, kisha akajaza wino kimoja. "Hawa 89 hawana tatizo. Huyu mmoja analo. Kipimo hiki hakijui wewe ni yupi kati yao." Wiki ya 16 nikatolewa maji ya uzazi, ndiyo yakathibitisha kwamba kromosomu ziko sawa.

Viduara vile vilichukua dakika chache tu. Kwa nini nisichorewe kabla sijatoa damu? Naomba na ninyi mseme: mlipima wiki ya ngapi, na mlielezwa lini?

Subira
Pole sana dada. Mimi mara ya kwanza nilirudishwa nyumbani. Mtoto alikuwa milimita 41 toka utosini hadi matakoni, na wao wanataka 45 hadi 84. Mzunguko wangu mrefu, hesabu ya wiki nilikuwa nimeikosea. Niliporudi amekua, ila kajikunja, kidevu kiko kifuani. Nikaambiwa nikohoe, nikatembee kwenye korido. Mara ya tatu ndipo akanyoosha shingo, maji yakapimwa: milimita 1.6. Mpimaji alisema shingo ikiinama kipimo hudanganya, na yeye hakisii. Nilimheshimu sana.

Mama Furaha
Wewe uliumizwa na neno "chanya", mimi niliumizwa na "uko salama". Karatasi yangu iliandikwa 1 kwa 1,400. Binti yangu akazaliwa na Down, ile hali ya kuwa na kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Kumbe ultrasaundi na damu kwa pamoja hukamata takriban watoto 9 kati ya 10, na wangu akapita. Ana miaka sita sasa, anajivalisha viatu mwenyewe na hataki asaidiwe. Sikilaumu kipimo. Nilihitaji kuambiwa kwamba uwezekano mdogo bado ni uwezekano, nisingeipokea habari ile leba, peke yangu.

Jasiri
Mimi nilipima damu ya DNA, kile kipimo kinachosoma vinasaba vya mtoto kwenye damu ya mama, wiki ya 10. Jibu likaja kwamba DNA ya mtoto ni kidogo mno, haisomeki. Nilidhani mimba imeharibika! Nikarudia baada ya wiki mbili, ikasomeka. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba hiyo DNA hutoka kwenye kondo la nyuma, na mara chache kondo na mtoto hawafanani. Ndiyo maana hata kipimo hiki kikionyesha tatizo, huthibitishwa kwa kuchukua chembe za kondo au maji ya uzazi kabla ya kuamua lolote.

Baba wa Kwanza
Kwetu ilithibitishwa, kromosomu ya 21 ziko tatu. Tulilia, kisha tukaendelea na mimba. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, kwa hiyo mtoto alipimwa moyo angali tumboni na tundu likaonekana. Alizaliwa mahali palipo na daktari wa moyo anayemsubiri. Kujua mapema kulitupa miezi mitano ya kujiandaa. Najua wapo waliochagua njia nyingine, na siwezi kuwahukumu, nimekaa kwenye kiti kile.

Mkunga
Nimesoma zote. Nilipoanza kazi tulitazama umri wa mama tu, na watoto wengi wa mama vijana walitupita. Vipimo vimekua kuliko maelezo yetu. Kuanzia sasa nitawachorea kina mama kabla ya sindano.

Mgeni
Shikamooni. Kesho nina miadi, wiki 12 na siku 2. Niulize nini?

Mwanzisha mada
Marahaba mdogo wangu. Uliza majibu yatakuja kwa njia gani, na nani atakupigia. Mwambie unataka namba yenyewe, siyo "chanya" wala "salama". Na ubebe kalamu.